Hatua Kumi na Mbili za Luhaga Dukani kwa Machibya

Tik. Tik-tik. Tik.

Katika giza la alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajasafisha koo, ilisikika sauti hiyo ndogo chumbani mwetu. Haikuwa panya wala bati linalopoa, bali kidole gumba cha mume wangu Luhaga kikibonyeza rimoti ya televisheni ambayo haikuwashwa. Naye mwenyewe alikuwa usingizini.

Basi sikizeni, enyi watu wa Bariadi, nanyi wa Lagangabilili mnaokuja mnadani na vumbi la njia nzima miguuni, nanyi wa Mwanhuzi mnaojua bei ya dume kwa kulitazama kisogo! Wekeni chini vikombe, nyamazisheni simu, maana nawasimulia vita alivyopigana Luhaga, Mdharau-Madume, Ngome ya Mnada, ambavyo mfano wake haujaonekana tangu barabara ya stendi ilipotiwa lami.

Luhaga ni dalali wa ng'ombe. Katika Simiyu nzima hakuna aliyewahi kumsikia akimsifu ng'ombe kabla ya bei kutajwa, kwa kuwa hiyo ndiyo sheria ya kwanza mnadani: mnunuzi akitabasamu tu, muuzaji anaongeza. Mletee dume lenye nundu kama kichuguu, atakuambia lina kikohozi. Mletee mtamba anayeng'aa, atauliza kwa huruma kama ni mgonjwa au ndivyo alivyozaliwa.

Lakini shujaa huyu alikuwa na kidonda cha zamani. Utotoni, kule Mkula, mwaka pamba ilipolipa vizuri, binamu yake Maganga alinunuliwa gemu ya plastiki, ile ya kioo cha kijivu yenye matofali yanayoshuka. Watoto kumi na mmoja walijipanga nyuma ya ghala, na Luhaga alikuwa wa kumi na moja. Zamu yake ilipowadia, betri zikaisha, wala hazikununuliwa nyingine. Basi kwa miaka ishirini na mitatu ameulilia utoto ambao yeye aliuona kwa kuchungulia tu, juu ya mabega ya wenzake.

Ndipo habari ikavuma kwamba Machibya, mwenye duka la simu karibu na stendi, ameleta kutoka Mwanza kompyuta ya gemu ya kushika mkononi, nyeusi, iliyotumika kidogo, na ndani yake gemu zote za kale zimelala kama wafalme kaburini. Picha aliyoituma kwa simu ilisema: laki tano na nusu.

Sasa, katika nyumba yetu palikuwa na laki sita. Na hizo zilikuwa na mwenyewe, nami ndiye mwenyewe. Nasoma masomo ya jioni, na mwalimu wetu Benedikta alikwisha kutangaza kwamba kuanzia muhula ujao kazi ya mwandiko wa mkono haipokei. Asiye na kompyuta atafute pa kuazima, au asubiri mwaka mwingine. Mimi nimekwisha kusubiri miaka mitano na mtoto mgongoni.

Luhaga akasimama mbele ya meza ya chai, akainua kijiko, akanena: "Mama Milembe! Ewe uliyenivumilia masika na kiangazi! Ile ni kompyuta kamili. Ukiichomeka kwenye televisheni, ukaiwekea kibodi, utaandika mpaka mwalimu akimbie. Mchana yako, jioni ukirudi yako, na mimi nitabaki na kile kijisaa baada ya kula."

"Na isipochomekeka?"

"Nitauza ndala zangu nikununulie nyingine."

"Ndala zako, Baba Milembe, hazifiki hata kwenye waya."

Lakini nilikwenda. Moyo wangu nao ulitaka.

Tukaingia dukani. "Mwangaluka!" akasalimu Luhaga kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu aliyepita tu. "Mwangaluka, mhola?" akajibu Machibya, amenyoa upara unaong'aa kuliko bidhaa zake. "Mhola duhu," salama tu, akaitikia Luhaga. Mpaka hapo jeshi letu lilikuwa imara. Kisha Machibya, kwa hila iliyokomaa, akabonyeza kitufe kimoja, na ule wimbo mwembamba wa matofali ukatoka, ti-ri-ri, ti-ri-ri.

Enyi wasikilizaji, shikeni vichwa! Mdharau-Madume alifumbua kinywa, akasema mbele ya adui: "Hii ndiyo yenyewe! Nimeitafuta tangu darasa la tano!"

Nikafumba macho.

"Laki tisa," akasema Machibya.

"Picha ilisema tano na nusu," nikamwambia.

"Shemeji, picha ni ya wiki iliyopita. Memori zimepanda dunia nzima, uliza hata Mwanza. Halafu hebu nikueleze. Kifaa ni tano na nusu. Hizo tatu na nusu zinazobaki ni za utoto wa kaka. Watoto wa siku hizi wanacheza kwenye simu, hawaniulizi kitu hiki. Wanaokuja ni hawa wenye vitambi, wanasikia mlio, wanalengwa na machozi. Mimi niwauzie machozi bure?"

Luhaga alikuwa ameshikilia kaunta kwa mikono miwili. Nikaona kompyuta yangu inaondoka, na muhula wangu nao. Basi nikakichukua kile kifaa nikakifanyia kama nilivyomwona yeye akifanya mnadani miaka yote: nikakigeuza tumbo juu, nikapuliza tundu zake, nikakikuna mgongoni.

"Kijiti cha kuchezea cha kushoto kinalegea," nikasema. "Kinachechemea. Na chaji inakaa saa ngapi?"

"Inategemea, shemeji."

"Inategemea nini? Baba Milembe, wewe ungemnunua ng'ombe anayesimama kwa kutegemea?"

Hapo ndipo shujaa akaamka. Shingo ikanyooka, macho yakapoa, akakitazama kile kifaa kama ndama aliyezaliwa vibaya. "Kimekonda," akatamka. "Laki sita, pamoja na kibodi. La sivyo, baki nacho uzeeke nacho." Naye akageuka, akampa adui mgongo.

Kutoka kaunta mpaka barabarani ni hatua kumi na mbili. Nilizihesabu. Hatua ya tatu, Machibya akaongeza sauti ya wimbo. Hatua ya sita, akaongeza tena, hata mama muuza nyanya nje akaanza kutikisa kichwa. Hatua ya nane, Luhaga akapunguza mwendo. Hatua ya kumi akainama kufunga kamba za viatu, naye amevaa ndala. Akabaki ameinama hapo, akifunga hewa, asigeuke! Kisha akajiinua, akapiga ya kumi na moja, na ya kumi na mbili ikiwa angani juu ya mtaro, sauti ikapasuka nyuma yetu:

"Haya, rudini! Laki sita! Na kibodi chukueni, ina herufi moja iliyofutika tu!"

Na iandikwe, kwa herufi zote zilizosalia, kwamba siku hiyo Luhaga wa Mkula alirudi nyumbani na ushindi mkononi. Kwamba kifaa kilichomekwa kwenye televisheni, nacho kikakubali. Kwamba niliketi nikaandika kwa vidole viwili jina langu, tarehe, na swali la kwanza la mwalimu Benedikta pamoja na jibu lake, nikalihifadhi. Kwamba baada ya kula, majirani wakiwa wamejaa mlangoni, Ngome ya Mnada alikabidhiwa enzi yake, akakaa chini kwenye mkeka, akavuta pumzi, na matofali yakaanza kushuka kwa ajili yake peke yake, naye uso umemng'aa kama mtu aliyeitwa kwa jina. Tukapiga vigelegele. Tukasema leo historia imepata mwenyewe.

Milembe, binti yetu wa miaka mitano, akasogea, akakitazama kioo kilichojaa matofali mpaka juu kwa mara ya tatu, akasema:

"Baba, umekufa tena."