Boti Hima Haijaharibika

Idara ya Vyombo vya Umma vya Majini, Tawi la Pwani ya Kusini, ina furaha kubwa kuwatangazia wananchi wote, kuanzia Diani mpaka Funzi, kwamba boti mpya iitwayo Hima haijaharibika. Haikuharibika siku ya uzinduzi, haikuharibika juma lililofuata, wala haikuharibika siku ile ilipopanda juu ya fungu la mchanga ikiwa na Afisa Mkuu ndani yake. Waraka Nambari 3 wa mwaka 1965 unaeleza wazi kwamba chombo kipya cha serikali hakiwezi kuharibika kabla ya kutimiza miezi sita. Kinaweza kupumzika tu.

Waraka huo, wenye saini ya Afisa Mkuu, niliupiga chapa mimi, nakala tano, kwa hiyo naujua vizuri.

Hima ilinunuliwa kwa kazi moja: kuwavusha kina mama wajawazito wa kisiwa cha Funzi hadi bara, wapate kujifungulia hospitali ya Msambweni. Mpaka wakati huo walikuwa wakivuka kwa mtumbwi, na wengine walijifungua kabla ya kufika nusu ya njia. Serikali mpya iliona si vyema raia wake waanze maisha wakiwa wamelowa.

Afisa Mkuu wetu, Bwana Garama Chome, alizaliwa Taru, mahali ambapo mtu huweza kufikisha umri wa kuoa kabla ya kuona maji yanayomzidi magoti. Kwa miaka tisa alisimamia majosho ya ng'ombe. Josho lina maji, na kinachoingia upande mmoja hutokea upande wa pili, kwa hiyo wakubwa waliona kwamba uzoefu wake unafaa kabisa kwa boti.

Boti ilipofika, Bwana Chome aliifungua injini mwenyewe, akatazama ndani kwa muda mrefu. Aliporudi ofisini uso ulikuwa umembadilika.

"Kache," aliniambia, "funga mlango."

Nikafunga.

"Ndani ya boti ile mna ubaguzi wa rangi."

Nikachukua kalamu.

"Waya nyekundu zimekaa peke yao. Nyeusi peke yao. Za manjano peke yao. Kila rangi ina mlango wake wa kuingilia! Uhuru tumeupata lini? Andika: waya zote zipakwe rangi moja. Kijani."

Fundi wa boti, ambaye pia ndiye nahodha, ni Bwana Matano. Tulimpata kutoka kiwanda cha sukari cha Ramisi, alikokuwa akitengeneza mitambo ya kukamulia miwa. Aliposomewa amri hiyo alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, alivua kofia.

"Bwana Mkubwa, nyekundu ni ya stata. Nyeusi ya taa. Manjano ya honi. Nikizipaka kijani zote, nitajuaje ipi ni ipi?"

"Na wewe ukija ofisini kwangu," alisema Bwana Chome, "nakutambua kwa rangi?"

"La, Bwana. Unanitambua kwa jina."

"Basi."

"Lakini waya hauna jina, Bwana!"

"Hilo ni suala la hatua ya pili."

Zikachomolewa, zikapakwa, zikarudishwa kwa kubahatisha. Rangi ilibaki nyingi kwenye mkebe, na Bwana Chome hapendi mali ya umma ipotee, kwa hiyo pampu ikapakwa, tangi likapakwa, na mkono wa gia ukapakwa mara tatu mpaka ukanenepa kama mhogo.

Siku ya uzinduzi watu walijaa ufukweni tangu asubuhi. Bwana Chome alihutubu kwa dakika hamsini. Kisha akampa Bwana Matano ufunguo mbele ya wageni wote, naye akauzungusha.

Honi ikalia. Haikunyamaza.

Bwana Matano akabonyeza kitufe cha honi ili kuinyamazisha, taa zikawaka. Akazima taa, pampu ikaanza kumwagia maji safu ya mbele ya wageni. Hatimaye, alipozima pampu, injini iliwaka yenyewe, na wananchi wakapiga vigelegele. Akavuta mkono wa gia. Rangi ilikuwa imekauka nao ukiwa umeegemea nyuma, na haukusogea hata unywele. Hima ikaondoka kinyumenyume, ikilia, mpaka ikagota kwenye mikoko.

Kamati ya Kuchunguza Mwenendo wa Boti iliketi siku tatu. Bwana Matano aliitwa kutoa maoni ya kitaalamu.

"Nipeni kisu na nusu siku," alisema. "Nikwangue rangi."

"Umeombwa maoni," alisema Naibu Afisa, Bwana Boga. "Hukuombwa kisu."

Kamati iliona kwamba boti inakwenda vizuri sana, isipokuwa kwamba kiti cha nahodha kinatazama upande usio sahihi. Ikaazimia kiti kigeuzwe. Kikageuzwa. Tangu siku hiyo nyuma ikawa mbele, na katika kumbukumbu za kikao nikaandika kwamba tatizo la mwelekeo limekwisha.

Kabla rangi ya kiti haijakauka, maana nacho kilipakwa, Bi Mishi aliingia ofisini kwetu Msambweni. Bi Mishi ndiye mkunga wa Funzi. Alikuwa amevuka kwa mtumbwi na pindo za leso yake zilikuwa zikidondosha maji sakafuni.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nimeijia hiyo boti yenu. Mke wa mpwa wangu, Mwanaima, mwezi wake ndio huu. Mtoto kakaa vibaya. Wa kwanza alitufia mle majini, tunautazama mji wa Msambweni kwa macho yetu. Huyu sitaki yamfike hayo."

Nilimtolea Fomu V.7. Bwana Chome alitoka chumbani mwake kusimamia ujazaji.

"Mwombaji yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko Funzi, baba. Ana tumbo kama hili." Bi Mishi alionyesha kwa mikono.

"Fomu inasema mwombaji afike mwenyewe ofisini, siku kumi na nne kabla ya safari."

"Afike na nini?"

"Hilo halimo kwenye fomu."

"Baba, angekuwa na cha kufikia angeitaka boti ya nini?"

Bwana Chome alitabasamu kwa upole. "Bi mkubwa, tukiruhusu watu waombe bila kufika, kesho tutapata maombi ya watu wasiokuwepo. Sehemu ya pili: saa ya kuanza uchungu."

"Hiyo umwulize mtoto."

"Kache, andika: itathibitishwa."

Bi Mishi alinitazama mimi, si yeye. Nilishindwa kumtazama. Alikunja fomu akaichomeka kwenye kifundo cha leso. "Inshallah," alisema, akatoka. Siku hiyo nilikosea herufi nyingi.

Jambo hilo lilimgusa pia Bwana Chome, kwa njia yake. Aliamua kwenda Funzi mwenyewe kukagua iwapo kina mama wamejitayarisha ipasavyo kuipokea boti. Tuliondoka Jumatatu saa mbili asubuhi, maji yakianza kupwa: Bwana Chome kwenye kiti cha wageni, Bwana Matano usukani, mimi na faili. Hima ilikwenda kinyumenyume bila kasoro. Honi ililia njia nzima, lakini tulikuwa tumeizoea.

Kufika saa nne jua lilikuwa limeiva. Kumbe rangi ile, ingawa ilikauka, haikuwa imekubali joto. Nilimwona Bwana Matano akiinua kiganja kilichojaa kijani, akakitazama. Ndipo mkono wa gia, uliokuwa umegandia nyuma kwa muda wote huo, ukabanduka wenyewe. Ukaanguka mbele.

Hima ikaruka kwenda kule ambako sote tulikuwa tumekupa mgongo. Ilipanda fungu la mchanga kwa kishindo, ikatulia juu yake. Maji yakaendelea kupwa. Muda si mrefu tulikuwa kwenye boti iliyokaa pakavu, ikilia.

"Andika," alisema Bwana Chome, akiokota kofia. "Boti inapumzika."

Nilikuwa bado naandika tulipoona mtumbwi ukitokea upande wa Funzi, kwenye mkondo ambao ulikuwa bado na maji. Bi Mishi alikuwa amesimama nyuma na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Mbele, Mwanapili, wifi yake Mwanaima, alikuwa akipiga kafi. Katikati, juu ya mkeka, alilala Mwanaima mwenyewe, akiuma ncha ya leso.

"Mmekuja kutuchukua?" alipaza sauti Bi Mishi.

Honi ilijibu.

"Basi tumewahi sisi! Matano, mwanangu, mikono ya Mwanapili imechoka. Njoo ushike kafi. Na wewe binti wa ofisi, teremka, uje utupe maji nje."

Bwana Matano alikuwa ameshatia miguu majini. Mimi nilimtazama Bwana Chome.

"Kache, uko kazini," alisema.

"Ndiyo, Bwana. Kina mama wa Funzi ndio kazi yenyewe." Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilimwekea faili mapajani nikateremka.

Bwana Chome naye aliinua mguu mmoja juu ya ukingo.

"La, Bwana Mkubwa!" alisema Bwana Matano. "Kanuni ya saba. Afisa wa cheo cha juu haachi mali ya serikali."

"Nani aliandika kanuni hiyo?"

"Wewe, Bwana."

Aliurudisha mguu.

"Tena mtumbwi huu una fomu zake," alisema Bi Mishi, akiusukuma upondo. "Uombe siku kumi na nne kabla, baba!"

Njia nzima nilichota maji kwa kifuu cha nazi. Mwanaima alinishika kifundo cha mguu, na kila uchungu ulipomjia alikikaza mpaka nikafa ganzi. "Nitazame mimi," nilikuwa nikimwambia, "usiutazame mji, nitazame mimi." Tulifika. Wauguzi walimpokea mlangoni, na kabla ya saa saba mchana mtoto wa kike alikuwa akilia kwa sauti ambayo Bwana Matano, aliyekuwa amekaa nje, alidhani ni Hima. Bi Mishi akasema alhamdulillahi mara tatu, kisha akauliza kama kuna chai.

Nilikwenda ofisini mbio na nguo zikiwa zimelowa, kumwombea Bwana Chome msaada. Bwana Boga alinisikiliza kwa makini. Halafu alifungua faili la nyaraka, akasoma.

"Boti haijaharibika," alisema.

"Iko juu ya mchanga, Bwana."

"Inapumzika. Waraka Nambari 3. Na kama boti haijaharibika, Afisa Mkuu hajakwama. Tukipeleka msaada tutakuwa tumesema kwamba saini yake ni ya uongo. Wewe unataka kumvunjia heshima bosi wako?"

Sikutaka. Nikaenda kubadilisha nguo.

Alasiri maji yalianza kujaa. Bwana Chome alikuwa amelia pamoja na honi kwa saa sita. Bi Mishi, aliyekuwa akirejea nyumbani, ndiye aliyempitia, na akampakia baada ya kumwona ametia nanga vizuri na kuaga mali ya serikali. Lakini Bi Mishi alikuwa akielekea Funzi, si bara, kwa hiyo Bwana Chome naye alielekea Funzi. Alipewa kifuu cha nazi, akatoa maji.

Kesho yake Bwana Matano aliifuata Hima akiwa na kisu. Aliikwangua siku nzima. Nyekundu ikarudi nyekundu, nyeusi nyeusi, manjano manjano, na kiti akakigeuza kama kilivyokuja. Katika kumbukumbu nimeandika kwamba boti imepumzika vya kutosha. Sasa inakwenda mbele, inanyamaza, na kila siku inafika Funzi. Mwanaima na binti yake walirudi nayo nyumbani, wakavu. Fomu zao nilizipokea mimi, na mahali palipoandikwa "mwombaji afike mwenyewe" niliona kwamba mwombaji ameshafika, maana ofisi ni mimi, nami ndiye ninayekwenda kwake na Hima.

Huruma hiyo, kwa bahati mbaya, inawahusu kina mama wajawazito na waliojifungua tu. Kwa abiria wengine kanuni ni ile ile, nasi hatuna mamlaka ya kuibadilisha bila saini ya Afisa Mkuu, ambaye hayupo ofisini. Leo nimempelekea sabuni, taulo na barua ifuatayo:

"Bwana, tumepokea ombi lako la kuvushwa kutoka Funzi hadi bara. Tumeona kwamba kwenye sehemu ya miezi ya ujauzito umeandika 'hamna kwa sasa'. Idara inasikitika kukujulisha kwamba ombi haliwezi kushughulikiwa mpaka mwombaji afike mwenyewe katika ofisi yetu ya Msambweni, siku kumi na nne kabla ya safari. Wako mtiifu, Kache Rai, kwa niaba ya Afisa Mkuu, Bwana Garama Chome."