Umekawia, Kaa Kitako

Jamani, leo nimeaibika. Hadi alasiri Likoni nzima itakuwa imesikia, basi afadhali nyinyi wenzangu wa barua-pepe msikie kutoka kwangu mwenyewe.

Mnanijua. Katana wa Mikindani, niliyeacha shule darasa la sita, nikapitia kwenye mashamba ya chumvi, kwenye malori, kwenye kubeba mizigo kule uwanja wa ndege, na sasa kompyuta. Sikai mahali. (Mama husema hata nikifa nitahama kaburi.) Lakini kazi hii ya Likoni niliitaka kwa dhati.

Kazi yenyewe ni hii. Marehemu Mzee Bwanaheri, karani mstaafu, aliandika programu ya kupiga hesabu ya jua na kutoa ratiba ya Ramadhani: saa ya kufunga na saa ya kufungua, mwezi mzima. Msikiti wao ulikuwa ukiitegemea kila mwaka. Mzee alifariki miezi miwili iliyopita, Ramadhani inaingia wiki hii, na ratiba haijatoka. Ustadhi wa msikiti aliniambia nikiitoa leo kabla ya adhuhuri, mashine ya mzee itakuwa chini ya mkono wangu, na ratiba zote za mbele ni zangu. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kukaa mahali.

Taabu ilikuwa kwamba programu ya mzee iliishi ndani ya Linux, yaani mfumo unaoiendesha kompyuta, tena ya zamani, ya mwaka tisini na tano, isiyoijua printa mpya ya msikiti. Linux mpya, ile mliyonipa kwenye CD, printa iliijua. Lakini kompaila yake, yaani ile inayogeuza maandishi ya mtu yawe kazi ya mashine, iliitema programu ya mzee karibu kila mstari. Nikajaribu kuiweka kompaila ya zamani ndani ya Linux mpya, ikakataa. Nikajaribu kuiweka mpya ndani ya ile ya zamani, ikadai maktaba mpya, yaani mafaili yanayotegemewa na programu zote, nami nilipoipa hiyo maktaba hata amri ya kuorodhesha mafaili ikagoma. Nikairudisha kama ilivyokuwa.

Mliniambia nichague moja. Sikuchagua. Niliziweka zote mbili kwenye mashine, kila moja na upande wake, na wiki nzima pale kibandani kwangu nikaitengeneza programu upande wa mpya, hata kompaila ikakubali bila neno.

Kisha nikafanya utovu wa adabu. Programu ya mzee ilikuwa ikijifungua yenyewe mashine ikiwashwa, inalia mara tatu, halafu inaandika: "Asalaam aleykum. Umekawia. Kaa kitako." Nadhani alikuwa akijikaripia mwenyewe. Niliiondoa ile milio, nikaandika "Karibu, Katana." Na chini ya ratiba, palipokuwa na jina lake, nikatia langu. (Darasa la sita, na jina msikitini. Nisingeweza kujizuia.)

Leo asubuhi nikairudisha mashine nyumbani kwa marehemu. Mjane wake, Bi Mwanasha, anakaa eda, kwa hiyo alikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia na mimi chumba cha mbele. Dada yake, Bi Riziki, aliketi mlangoni na ungo wa pojo, ili nisiwe peke yangu. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Udi ulikuwa umekolea hata ukutani. Kofia ya mzee ilikuwa juu ya deski pale alipoiacha, na hakuna aliyeigusa. Kiti chake kilikuwa kimebonyea umbo lake. Nilipokaa nilihisi nimekalia mapaja ya mtu.

Nikawasha. "Karibu, Katana." Kabla sijachapisha, stima ikapotea. Nikatoka uani kunywa maji. Kata ikiwa bado mdomoni, stima ikarudi, mashine ikajiwasha, na baada ya muda nikasikia milio mitatu. Nikaingia. Kioo kilikuwa kimeandika: "Asalaam aleykum. Umekawia. Kaa kitako."

Nikakaa. (Wewe ungefanyaje?)

Nikaifungua ratiba, nikakuta jina la mzee. Nikatazama tarehe ya faili: ya kabla hajafa. Kazi yangu ya wiki nzima haikuwepo, kana kwamba sijawahi kuzaliwa. Nikazima, nikawasha tena, na vidole vikabonyeza vilivyozoea kubonyeza, kama mtu anavyofunga shati bila kulitazama. "Karibu, Katana." Kazi yangu yote imo. Nikamwambia Bi Riziki ni mambo ya stima tu. Alivuta ungo wake akausogeza nje ya kizingiti.

Stima ikapotea tena.

Safari hii sikutoka. Nilibaki palepale gizani, nikaufunika uso kwa mikono. Stima ikarudi. Nikaisikia mashine inaamka, inanong'ona, inanyamaza kidogo kama mtu anayesubiri kujibiwa. Halafu milio mitatu. Na nyuma ya pazia, taratibu, sauti ya mwanamke:

"Abee."

Jamani, nilipiga magoti mbele ya ile kompyuta. Nikasali kila sala niliyofundishwa Jumapili, ya chakula, ya kulala na ya mazishi, zote kwa pamoja. Nikamwomba mzee radhi kwa sauti, nikaahidi kulirudisha jina lake, nikasema kiti ni chake na mimi nilikuwa nimepumzika tu. Nilipofumbua macho, mlangoni walikuwa wamesimama Ustadhi na wazee wawili wa msikiti, viatu mkononi. Walikuwa wamefuata ratiba.

"Katana," Ustadhi akasema, "wasali kwa nani hapo?"

"Mzee amerudi. Amemwita mkewe, na mkewe ameitika."

Ungo ukaanguka. Mzee mmoja akaanza kusoma kimoyomoyo. Na nyuma ya pazia, mjane wa miezi miwili akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka akakohoa.

"Mwanangu, umeitilia mashine ukewenza?"

Nikamwambia ndiyo, zimo Linux mbili.

"Basi marehemu naye alijaribu hayo. Ikiamka hungoja kidogo iambiwe iende kwa yupi. Isipoambiwa huenda kwa bi mkubwa. Na ile milio alikuwa akiniitia kahawa. Mara ya kwanza leo nilidhani naota. Ya pili, mdomo umeitika wenyewe."

Sekunde kumi. Hizo nilizofunika uso ndizo mashine ilizokuwa ikiniuliza.

Ningekuwa nimeokoka hapo, lakini Ustadhi ana masikio. "Jina gani uliloahidi kulirudisha?"

Ikabidi niseme. Hapo ndipo nilipoumbuka kweli, si kwenye magoti. Wote watatu walisimama nyuma ya kiti wakinitazama nikirudi upande wa mpya na kufuta "Katana" herufi moja moja. Ratiba ikatoka, jina la Mzee Bwanaheri chini yake kama kila mwaka. Waliichukua bila kuniaga. Nikaanza kukusanya nyaya zangu.

"Na awe anakuja," Bi Mwanasha akasema kutoka ndani. "Ila ile milio airudishe huko kwa bi mdogo pia."

Nikairudisha, pamoja na salamu yake. Nilipoijaribu ikalia mara tatu. Hakuna aliyeitika. Baada ya kitambo sinia ya kahawa ikasukumwa chini ya pazia. Vikombe viwili. Bi Riziki hanywi kahawa.

Linux ya zamani sijaifuta. Utamfukuzaje bi mkubwa nyumbani kwake?

Na anayecheka, Jumamosi aje akakikalie yeye kile kiti.