Wimbo wa Kumwingizia Bibi Harusi

"Aliyekufa ni nani?"

Swali hilo nimeulizwa leo saa nne na nusu asubuhi, katikati ya harusi, na baba mdogo wa bwana harusi. Hakuna aliyekufa. Bibi harusi alikuwa mzima kabisa, amesimama karibu na mlango wa kanisa na shada lake mkononi, anageuka huku na huku kama mtu aliyepotea stendi.

Nieleze mwenyewe kabla hamjaiona video.

Mnajua ugomvi wangu na kwaya ya parokia yetu huku milimani. Kila tunachoimba kimetolewa kwenye simu. Mtu anarekodi kwaya ya mjini, Jumapili inayofuata tunaimba wimbo uleule na makosa yao yaleyale. Nikauliza: kabla ya simu, watu wa huku waliimba nini? Nikafungua kabati la sakristia mwenyewe, na chini ya mabaki ya mishumaa nikakuta daftari la Katekista Osmundi, marehemu, mtu wa ziwani upande wa Mbamba Bay aliyefundisha huku zamani. Nyimbo arobaini, sauti nne, nota safi kwa mkono wake. Panya walikuwa wameshaanza kula pembeni.

Mwalimu Ndunguru, mwalimu wetu wa kwaya, akasema nyimbo za wazee zinasinzisha waumini. Tukabishana wiki tatu (nilibisha mimi, yeye alikuwa ananitazama tu). Mwishowe akanipa nafasi moja: harusi ya leo, wimbo mmoja. Ukiharibika, daftari linarudi kabatini na mimi narudi kwenye alto nikae kimya.

Nikachagua wimbo wa kumwingizia bibi harusi. Na hapa ndipo ninapodai haki yangu. Maneno yanasema, "Fungua mlango, Baba, tunamleta mpendwa wako." Sasa niambieni. Mlango, mpendwa, analetwa. Nani asingefikiria harusi? Juu ya ukurasa hakuna kichwa, hakuna maelezo ya mwendo, hakuna chochote. Nikaupa mwendo wa kuchangamka, kinanda, kayamba na madoido kidogo ya mabega.

Bwana harusi ni wa ziwani. Ndugu zake walishuka jana kutoka mabasi mawili ya kosta, na leo wakajaza upande wote wa kulia. Nikaona ni bahati (watamsikia mtu wao!).

Tukaanza. Bibi harusi akapiga hatua mbili. Upande wa kulia, wanaume wakasimama, mikono mbele, vichwa chini. Wanawake wakashuka kwenye mabenchi mmoja mmoja, wakajifunga kanga viunoni, wakaketi sakafuni. Kisha wote wakaupokea wimbo, taratibu, nusu ya mwendo wetu, kwa sauti ambazo (nakiri) ni nzuri kuliko zetu. Mpiga kinanda akapotea. Bibi mzaa baba wa bwana harusi akaanza kulia. Baba wa bibi harusi akatoa simu kuangalia kama kuna taarifa ya msiba. Ndipo baba mdogo akanisogelea na swali lake, akaongeza kwamba wangeambiwa mapema wangekuja na rambirambi.

Nikafanya kama msomi yeyote: nikaiashiria kwaya iendelee. Ubeti wa tatu tukauimba peke yetu. Watu wa ziwani walinyamaza wote wakatukodolea macho. Nikajua wamekasirika.

Padre akachukua kipaza sauti akatangaza kwamba sote tu wazima, tuendelee na ndoa. Kumbe kule ziwani wimbo ule una kazi moja tu: kushushia jeneza. Wanaujua hata watoto. Yaani mtunzi niliyekuwa najisifu kumfufua alikuwa amesahauliwa na sisi wa milimani tu! Mwalimu Ndunguru akanyoosha mkono, nikampa daftari.

Wakati wa chakula nikajificha nyuma ya masufuria, nimefura. Ingemgharimu nini mtu kuandika "mazishi" juu ya ukurasa? Herufi saba! Baba mdogo akanifuata hukohuko: naitwa na Bibi, yule aliyekuwa analia. Nikaenda nimeshapanga utetezi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ule mwisho wa wimbo umeutoa wapi?"

Nikamwambia uko kwenye daftari, wimbo una beti tatu. Akasema wao wanazo mbili. Nikaanza kumweleza jinsi nyimbo za kukariri zinavyopoteza vipande.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Mimi nilikuwepo."

Alikuwepo, msichana mdogo, siku Osmundi alipomzika mkewe. Wimbo aliutunga kwa ajili ya mkewe, akauongoza mwenyewe pale kaburini. Ndiyo maana wanaukokota mpaka leo: walijifunza kwa mtu aliyekuwa anaimba huku analia.

Bibi akamwita Mwalimu Ndunguru, akamwambia anautaka ubeti ule kwenye karatasi kabla kosta hazijaondoka, na aliyeuleta ndiye auandike. Daftari likarudi mikononi mwangu. Kisha akaniagiza nije kumwimbia siku yake ikifika, ila mabega niyaache nyumbani. (Amekula sahani mbili za wali na samaki. Nitasubiri sana.)

Chekeni basi, lakini mcheke mkijua hili, ambalo Bibi alinimalizia nikiwa tayari naandika: baada ya ubeti wa pili sauti ya Osmundi ilikatika, akaondoka kaburini, na watu wakadhani wimbo unaishia hapo. Ubeti wa tatu haukuwahi kuimbwa kule ziwani. Wameusikia kwa mara ya kwanza leo, harusini, na kayamba.