Lesi za Mashangazi Hazienei Kwenye Simu ya Bibi

Kwa Alhaja Morili Adebanwi,
Mwenyekiti, Kamati ya Sare za Harusi,
Ijebu-Ode.

Mama Alhaja,

Pokea heshima zangu. Hesabu kwamba nimelala kifudifudi mbele yako, ila vumbi nimelikwepa.

Ni mimi Wasiu, kijana wa video. Nakuandikia kuhusu harusi ya Bisoye. Unajua mguu ulimzuia mama yako mzazi, Iya Agba, kuja kumwona mjukuu wake akiolewa. Aliniita akanishika mkono: "Wasiu, usiniletee hadithi. Niletee mtoto wangu nimwone." Sasa simu yake imebakiwa na nafasi ya megabaiti sitini, na mawaidha ya imamu amekataa katakata yasifutwe. Kwa hiyo dakika ishirini za sherehe lazima zienee humo humo. Siku ya nne leo nahangaika, na wa kulaumiwa ni kamati yako.

1. Lesi. Programu inapobana video ili iwe ndogo, ukuta usiobadilika inauandika mara moja, basi, inapumzika. Lesi yenu ina matundu elfu na vimetameta elfu, na kila kinachometa kinaandikwa upya. Nikibana kwa kipimo cha kumi na nane, unahesabu uzi mmoja mmoja, lakini faili ni gigabaiti mbili. Nikipandisha hadi thelathini na tano, faili linaenea vizuri, na mashangazi kumi na wawili wanageuka uji wa zambarau.

2. Kucheza. Nilimwomba Shangazi Risikat, kwa adabu zote, apunguze mabega kidogo. Akaniambia, "Wewe shika kamera, mabega niachie mwenyewe." Sawa. Mabega hayo peke yake yamekula megabaiti tisa. Nimepima.

3. Noti mnazowarushia maharusi. Kila noti inayopepea, programu inadhani ni tukio jipya duniani.

4. Vilemba. Hapa sisemi kitu, ila maharusi nimewapata dakika sita tu. Zilizobaki ni kilemba chako, Mama.

Kwa hiyo, kwa harusi ijayo, ya Ramota, mwezi wa kumi na mbili, naomba sare iwe kitambaa kisichong'aa, kijivu ikiwezekana. Noti zikabidhiwe mkononi. Wageni wasimame mbele ya ukuta kama wa picha ya pasipoti. Anayezidiwa na ngoma acheze kope. Kupumua aruhusiwe bibi harusi peke yake.

Nisalimie kamati nzima, Baba Bisoye, na Shangazi Risikat hata kama hataki.

Wako ninayesaka megabaiti,
Wasiu Sobande

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilimpelekea Iya Agba ule uji, ili ajionee kwamba haiwezekani. Uso wa Bisoye hauonekani kabisa, nikaanza kuomba radhi. Akaninyamazisha. Aliweka kidole kwenye doa jeupe, akasema, "Huyu hapa. Anaanza na mguu wa kushoto, nilivyomfundisha." Akatazama mara tatu. Akawataja mabinti zake, kila doa kwa jina lake, kwa jinsi linavyocheza. Basi futa yote niliyoandika, Mama, lesi ziendelee na watu wacheze mpaka viatu viwavuke. Aliyemshinda kumtambua ni mmoja tu, aliyekaa tuli mstari wa mbele dakika zote ishirini. Aliniuliza lile kochi la zambarau tulilikodi wapi. Nilimwambia nitakuuliza wewe, Mama, uliyelikalia mwenyewe.