Majina Katika Wimbo wa Naima

Jumamosi, 3 Januari

Nimelia leo. Machozi ya raha, alhamdulillahi, si ya vitunguu. Nassibu, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuja na wenzake wa kundi kunisikilizisha wimbo. Kundi lao linaitwa Mawimbi Matano. Wako wanne. Wa tano kaoa, kahamia Mitwero, mke hataki muziki.

Wimbo ni wa polepole, wa Naima. Naima ni binti wa jirani yangu Kidawa. Miaka tisa, akili kama wembe, miguu haina nguvu tangu kuzaliwa. Kidawa humbeba mgongoni kwenda shule na kurudi. Sasa mtoto amerefuka, vidole vinakaribia kuburura chini, na mgongo wa mama umegoma. Kidawa kasema shule zikifunguliwa tarehe kumi na tatu, Naima atabaki nyumbani, labda kipatikane kiti mwendo. Ndiyo maana vijana wanataka kuuzindua wimbo Jumamosi ijayo. Kila mtu atoe alicho nacho, kinadiwe, kiti kinunuliwe.

Kiitikio kinasema mgongo wa mama si barabara. Nililowesha kanga.

Lakini nikaona kasoro. Wimbo mzima hauna jina la mtu! La Naima limo, sawa, ila Naima hatoi, anapokea. Nani Kivinje hii atatoa mbuzi wake asisikie jina lake? Hata harusini, mtu akimtunza mwimbaji husimama palepale mpaka atajwe. Asipotajwa anarudi kupita upya, polepole, aonekane. Nikamwambia Nassibu hivyo. Kasema shangazi, huu si wimbo wa harusi. Nikamkumbusha nani alimlea. Akakubali.

Sasa mimi ni meneja.

Jumapili, 4 Januari

Nimezunguka mji mzima. Ya Rabi, watu wana mioyo! Mzee Dominick, mwenye mikorosho kule milimani, kaahidi beberu, mradi atajwe yeye na marehemu baba yake, na shamba likiwezekana. Jafari wa mashine ya kukoboa kaahidi gunia la mchele. Anataka aitwe Alhaji. Hajaenda hija, lakini nimemkubalia, kwa sababu nia anayo. Rosa msusi kaahidi mikeka. Wengine kuku, wengine ufuta, mmoja kaahidi mlango.

Wote nimewapa utaratibu mmoja. Jina kwanza, kitu utaleta siku yenyewe. Mtu akishasikia anavyoimbwa, moyo utafunguka wenyewe. Ujuzi huu haufundishwi darasa la saba.

Aliyenichafua roho ni Fortunata, kiongozi wa kwaya ya kigango, mtani wangu. Kasema atatoa jogoo na asitajwe popote. Nikamwomba asiharibu utaratibu. Kasema Mungu anamjua. Nikamjibu Mungu anamjua, Kivinje je? Akacheka, kaniuliza kama madrasa hatukufundishwa kwamba ukitoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto usijue.

Nimelifikiria hilo njia nzima, maana mimi dini siichezei. Nimeridhika. Mkono wa kushoto hautajua kitu. Masikio hayakutajwa.

Jumanne, 6 Januari

Balaa. Dominick kasikia atatajwa baada ya Jafari. Jafari kasikia atatajwa baada ya Dominick. Sijui nani kawaambia. Yaani najua, ni mimi, nilimwahidi kila mmoja kuwa wa kwanza.

Dominick kapiga simu, kasema babake hajawahi kutanguliwa na mtu wa pumba. Jafari kaja mwenyewe hapa kibarazani, kasema beberu la Dominick linajulikana, lina kikohozi. Nikamtuliza kwa chai na vitumbua. Kala vyote, hasira ikabaki palepale.

Kisha nikapata wazo, nadhani ni la kheri, maana limenijia baada ya swala. Wote wawe wa kwanza! Nassibu ataimba jina la Dominick, mwenzake ataimba la Jafari, kwa pamoja. Nassibu kaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Kaniuliza kama nimelala vizuri.

Fortunata kapita na ndoo yake. Kasema mtani, huo wimbo au mwalimu anaita mahudhurio? Nikamwambia aende zake na jogoo wake asiye na ukoo.

Alhamisi, 8 Januari

Tumekwenda mji wa Masoko kurekodi kwa Benjamin, ana chumba nyuma ya duka la simu, kabandika magodoro ukutani. Kijana mwenye adabu, shikamoo yake unaisikia. Adabu ilimwisha nilipoanza kumsomea majina. Yote ninayo kichwani.

Kasema hayaingii. Wimbo utakuwa mrefu, hakuna mtu atausikiliza. Nikasema basi tupunguze pasipo na majina. Tukatoa ubeti wa pili, ule wa Kidawa akivuka dimbwi. Bado hayaingii. Tukatoa wa tatu. Rosa kapiga simu, kakumbuka dada yake wa Kitomanga naye anaguswa sana na shida za watoto. Tukatoa kiitikio.

Hapo Nassibu kavua vile vya masikioni, kasema shangazi, limebaki jina la Naima tu, nalo utalitoa? Kwa sauti ya babake kabisa. Lakini mwenye mlango alikuwa bado hajapata nafasi. Nikamwambia mwanangu, Naima anajulikana, kila mtu atajua ni wake. Kaliimba jina la mwenye mlango kama anazika mtu.

Mwishoni nikaomba niitikie mimi aamiin. Na jina langu baada yake, kwa sauti ya chini, maana sipendi makuu.

Ijumaa, 9 Januari

Nimeomba dua ndefu. Nimemwambia Mola kwamba nia yangu anaijua. Kidawa kanisalimia uani, shikamoo ma mdogo, kasema Naima keshaifua sare yake mwenyewe, kaketi karibu na beseni, kaisugua mpaka kola imelegea. Kamwambia mamake kiti kitakuja, bibi Salima, yaani mimi, ndiye anayesimamia.

Nimekosa hamu ya kula. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 10 Januari

Sitaki kuandika. Naandika.

Uwanja ulijaa. Spika mbili kubwa, turubai, viti vya wazee. Kidawa kaketi mkekani mbele kabisa, Naima mapajani kavaa gauni la Idi. Kila mtu kaja, na beberu kaja, na gunia la mchele liko juu ya toroli.

Wimbo ukaanza. Dominick na Jafari wakaimbwa pamoja. Kumbe mtu jina lake halisikii likiimbwa sambamba na la adui, analisikia la adui tu! Dominick kanyanyuka, kashika kamba ya beberu, kaondoka. Jafari kageuza toroli.

Nikasema haidhuru, wako wengine. Wengine walisikika vizuri, kila mmoja peke yake, waziwazi. Na hilo ndilo lililoniua. Mtu akisikia jina lake anachekelea, anapigwa mgongo na wenzake, anapeana mikono, anakwenda zake nyumbani. Roho imeridhika! Kuku wamerudi chini ya makwapa. Mwenye mlango hata hakuuleta, alikuja kusikiliza tu. Wageni wawili kwenye kona walikuwa wanaulizana mgombea mwenyewe ni yupi.

Wimbo ulipofika kwenye aamiin yangu, uwanja ulikuwa na Kidawa, Naima, vijana wanne, na Fortunata ameshika jogoo. Wa kumnadia hakuna.

Naima kainua uso. Kaniuliza, bibi, mimi mbona sikuimbwa?

Nikaanza kukusanya viti vya wazee.

Jumapili, 11 Januari

Nassibu kaenda Mitwero kwa yule mwenzao aliyeoa. Simu yangu hapokei. Dominick kadai babake afutwe kwenye wimbo. Jafari kadai aachwe, ila Dominick afutwe. Rosa mikeka kaitandika kwake, nimeiona mlangoni.

Kidawa alipita, kanisalimia kwa heshima zote, kaniuliza hali. Angenitukana ningepona. Mume wangu Ramadhani kaniwekea sahani mbele, kanitolea samaki miiba kama mtoto. Nimelia juu ya wali.

Nilitaka mtoto aende shule. Wallahi nilitaka hilo tu. Hilo, na watu wajue.

Jumanne, 13 Januari

Shule zimefunguliwa. Sikutaka kutoka nje. Nikasikia kelele, nikachungulia.

Fortunata kambeba Naima! Mama mzima, nesa nesa, viatu kavua kashika mkononi, anahema kama nyati. Nyuma yake wanakwaya wenzake wawili wanasubiri zamu, na Kidawa kashika begi. Naima sare imenyooka, anamwambia Fortunata asiyumbe, yeye si mtungi. Fortunata kamjibu kwamba mtungi una afadhali, mtungi hausemi. Wakapumzika kwenye ngazi yangu. Nikatoa maji.

Wamepanga hivyo kila siku, kila mtu na mgongo wake, mpaka Mungu alete kiti. Kiti hakipo, wala dalili yake. Masika yakija, barabara ile itakuwa matope mpaka magotini, na kina mama wenyewe si wasichana. Fortunata kajishika kiuno, kasimama, kachuchumaa tena mtoto apande. Hakunisema kwa lolote. Kasema tu mtani, ahsante kwa maji.

Nikawatazama mpaka wakakata kona. Nikajiuliza, wanawake kama hawa, kazi nzito kama ile, na njiani hakuna hata mtu anayewajua nani ni nani!

Haiwezekani. Nimeshakwenda kuazima kipaza sauti cha muuza dawa za kunguni. Kuanzia kesho nitatangulia mbele yao asubuhi, niwataje. Mbebaji wa leo fulani, binti fulani, wa mtaa fulani. Watu watagombania zamu. Rosa nimeshamwahidi Jumatatu, maana Jumatatu barabara ina watu. Na dada yake wa Kitomanga pia nimemwahidi Jumatatu.

Mimi sitabeba, nina goti. Nitajitaja mwishoni tu.