Bingwa wa Chumba cha Pili

Jumatatu, 3 Machi

Mimi nina bahati, sikatai. Umri huu wote sijalala hospitali hata kwa mafua. Kichwa changu hakijui kuuma. Meno yote yamo. Na mtu mwenye afya kama hii ndiye aliyewekwa mapokezi ya zahanati, awapange wagonjwa. Wengine wakiniona tu wanapata nafuu.

Leo ameletwa binti, mwanafunzi wa udaktari. Chuo kinataka wanafunzi wajifunze na kwa madaktari wa mitaani, wale wanaotibu kila kinachoingia mlangoni, siyo hospitali kubwa peke yake. Nimemhangaikia huyu mpaka karani wa chuo akawa anakata simu akisikia pumzi yangu. Sababu ninayo. Mama Daktari amechoka. Amesema asipopata kijana wa kumwachia zahanati, mwaka huu anafunga. Sasa mimi niende wapi? Na wale wazee wa kwenye benchi waende wapi? Mpango wangu: binti aje, atupende, akihitimu arudi. Rahisi.

Nimempa chumba cha pili, kile cha mifagio. Mifagio nimeihamisha mwenyewe. Akanisalimia, shikamoo baba. Baba! Nilikuwa nimejiandaa kuitwa kaka.

Jumanne, 4 Machi

Aibu tupu. Chuo kinataka mgonjwa aulizwe kwanza kama anaridhia kuonwa na mwanafunzi. Nikawauliza kwa upole wangu wote. Fundi viatu akasema yeye si ubao wa watu kujifunzia kuandika. Mama wa mitumba akasema atamsubiri daktari mwenyewe, hata akiota mizizi hapo. Wengine wakajifanya viziwi. Nilipochungulia chumba cha pili nikamkuta binti anajisikiliza kifua chake mwenyewe.

Tena ana macho huyu. Akaniuliza mbona nashikashika kisogo. Nikamwambia ndivyo ninavyofikiri.

Sasa adui. Ng'ambo ya barabara kuna zahanati nyingine. Mpokezi wao namwita Bwana Tai, maana ile tai haivui hata jua liwake vipi. Alikuja kuazima kalamu, akachungulia benchi, akasema kwa huruma ya kununua kwamba kwao kuna viti vya sponji, na kama mtoto wa watu anakosa kazi huku, wao wako tayari kumpokea. Akaondoka na kalamu.

Na mhadhiri wa chuo anakuja Ijumaa kukagua. Akikuta binti hana wagonjwa, anamhamisha.

Jumatano, 5 Machi

Akili imenijia nikiwa napiga mswaki. Nikasimama mbele ya benchi, nikashusha sauti, nikawaambia chumba cha pili kuna bingwa. Katoka mbali. Hakai sana. Wasimwambie mtu.

Neno mwanafunzi sikulitaja. Nani aliniuliza?

Kabla ya saa nne foleni ya chumba cha pili ilikuwa imefika bombani. Fundi viatu wa kwanza. Binti anamwambia kila anayeingia kwamba yeye bado anasoma, na kila anayetoka anasema, mmeona unyenyekevu wake? Anawasikiliza kwa kituo, anaandika, halafu anakwenda kumwonyesha Mama Daktari. Mama akapita mapokezi akitabasamu. Akasema hakujua watu wetu wanapenda elimu hivi.

Nikasimama mlangoni kidogo ili Bwana Tai anione nisivyo na nafasi.

Alhamisi, 6 Machi

Kumeharibika. Mama Daktari alitaka kubadilisha dawa ya fundi viatu. Fundi akamwomba kwa heshima kwamba wamwachie bingwa aamue. Mama amemtibu huyu bwana tangu ana nywele.

Nikaitwa. Mama hakupandisha sauti, na hilo ndilo baya. Akasema mgonjwa akidanganywa, ridhaa yake si ridhaa. Binti naye alikuwa hapo, ananitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye chai. Nikarudishwa kwenye benchi nikaseme ukweli.

Nikausema. Foleni ya bombani ikayeyuka. Mama wa mitumba akaniita mwenye mdomo wa asali na roho ya kinyonga. Nikaenda nyumbani na kichwa changu. Mama watoto akauliza kuna nini. Nikasema jua.

Ijumaa, 7 Machi

Mhadhiri amefika. Kiatu kinang'aa, maneno machache. Akatazama chumba cha pili, kitupu. Akauliza benchi kama yupo hata mmoja, mwenye tatizo la muda mrefu, ambaye angekubali binti amfuatilie tangu mwanzo. Mmoja tu angetosha, maana kazi hii ni ya kumjua mtu, siyo kuhesabu watu. Benchi lote likatazama sakafu. Bwana Tai alikuwa ametoka kibarazani kwake na kiti cha sponji mkononi. Kabisa, na kiti.

Nikamtazama Mama Daktari. Alikuwa ameshaanza kukunja koti lake jeupe.

Nikainuka, nikaingia chumba cha pili, nikakaa.

Binti akauliza kama naridhia. Nikasema naridhia. Akauliza kichwa kinauma tangu lini. Nikashika kisogo. Akangoja. Wamefundishwa kungoja, hawa. Akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo, akatazama, akajaza tena, akamwita Mama. Presha iko juu, na inaonekana haikupanda jana.

"Siku zote hizi umekaa nje ya mlango wangu, ndugu yangu," Mama akasema, "usibishe hodi hata siku moja?"

Nani angemwamini mpokezi mgonjwa?

Mhadhiri akasema binti abaki. Nilipotoka, fundi viatu akasema kama mimi nimeingia na nimetoka mzima, basi na yeye ataingia. Kwa mwanafunzi, akatilia mkazo, akinitazama.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Daktari ameagiza kitanda kipya cha chumba cha pili. Mtu anayefunga hanunui kitanda. Binti anasema akihitimu atafikiria, na leo ameniita "mgonjwa wangu". Afadhali baba.

Bwana Tai kaja kurudisha kalamu na kunipa pole. Pole ya nini? Nikamweleza kwamba chuo kilizunguka kutafuta mwili wa ajabu wa kufundishia, kikauona wangu. Akalegeza tai. Akauliza maombi yanapelekwa wapi. Benchi nalo likasikia, na sasa mama wa mitumba anataka kujua kama wake si wa ajabu zaidi. Nikamwambia nafasi ni chache, ila nitamsemea.

Mama watoto ameondoa chumvi mezani, na kila asubuhi ananisimamia mpaka nimeze kidonge.

Yale niliyoandika Jumatatu iliyopita ni uongo. Kichwa kinaniuma tangu mwaka jana. Na meno mawili hayamo.