Ombi la Mkorosho Mmoja kwa Fundi Dunstan

Mnyambe, Newala
Februari 1996

Ndugu Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wote wanaokohoa mbele ya mlango wako. Sisi huku Mnyambe hatujambo. Tunakohoa, lakini hatujambo.

Ninamlalamikia mhudumu wenu wa afya, Bi. Rose. Juma lililopita aliingia uani kwangu, akaniamkia vizuri, kisha akamkabidhi mke wangu, Mama Erasto, kikopo chenye kifuniko na kumwambia atie makohozi, mbele ya wanawake waliokuwa wakibangua korosho. Mama Erasto alimrudishia kikopo chake. "Mwanangu, hii ni salfa tu. Nenda kawapime wagonjwa." Tangu hapo Bi. Rose hakomi kuja, na Mama Erasto hakomi kujifungia chumbani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bi. Rose anaidharau salfa. Kila mtu huku anajua kwamba unga tunaoipulizia mikorosho ndio unaotukohoza. Ni kweli kwamba mara ya mwisho tulipuliza mwezi wa nane, na sasa ni masika. Hilo linathibitisha tu ubora wa salfa. Ni kweli pia kwamba, tangu ushirika uache kutukopesha na wafanyabiashara waanze kuiuza kwa bei waipendayo, wengi wetu hatukununua hata mfuko mmoja. Basi salfa ya siku hizi ina nguvu za ajabu: humkohoza hata asiyeinunua.

2. Kikohozi cha fundi Dunstan, anayeshona barazani kwa Hamidu mwenye duka, hakina asili. Dunstan hana mkorosho hata mmoja. Watu wameanza kumtania bombani: "Fundi, mwenzetu umepuliza nini, cherehani?" Naomba serikali imgawie mkorosho mmoja, hata mkongwe usiozaa, ili naye akohoe kihalali kama wenzake.

3. Bi. Rose anaharibu biashara. Hii ni enzi ya soko huria. Hamidu anauza dawa ya kikohozi, nyekundu na ya kijani, kando ya sabuni na mafuta ya taa, wala hajawahi kumvunjia mteja heshima kwa kumwomba makohozi. Mama Erasto amekunywa rangi zote mbili. Nyekundu ni tamu zaidi. Kila mtu na awe huru kujichagulia ugonjwa anaoumudu.

4. Bi. Rose anasema Mama Erasto amekonda. Sisi tunasema amependeza. Fundi Dunstan amempunguzia magauni mara mbili, huku wakikohoa kwa zamu. Bi. Rose anasema pia kwamba mke wangu amekosa pumzi, eti kwa kuwa siku hizi huitua ndoo njiani kila mara atokapo bombani. Jambo hilo tulilijadili nyumbani, tukakubaliana kwamba kilima kimerefuka.

5. Hili ndilo kubwa. Mlango wako umeandikwa "Kifua Kikuu na Ukoma" kwa herufi zinazosomeka kutoka stendi. Mjukuu wetu Esther ameposwa na watu wa Masasi. Bibi yake akionekana akiingia mlango huo asubuhi, habari itafika Masasi kwa basi la mchana, na kufikia jioni atakuwa na magonjwa yote mawili. Mama Erasto ameapa mbele yangu kwamba ni heri afe kwa salfa kuliko Esther akose mume kwa kifua kikuu.

Kwa hiyo naomba itangazwe kwamba mtu mwenye wajukuu wasioolewa haugui kifua kikuu, na vikopo vyote vigawiwe kina mama wawekee chumvi. Ugonjwa usiotafutwa hauonekani, usioonekana hauhesabiwi, na wilaya isiyo na wa kuhesabiwa ni wilaya yenye afya. Mtapewa sifa, nasi tutazikwa kwa heshima.

Nisalimie wafanyakazi wenzako wote, na mlinzi wa getini, na yeyote atakayeniuliza.

Wako katika salfa,

Mwl. Cecil Nandonde (mstaafu)

Tanbihi: Aliyekuletea barua hii ndiye Mama Erasto. Nilimsomea yote isipokuwa mistari hii. Ilimpendeza mno, hata akajitolea kuileta kwa mkono wake, maana anakuja kwako kama mlalamikaji, si mgonjwa. Sikupata njia nyingine ya kumfikisha. Ndugu yangu, Bi. Rose hakukosea hata neno moja, nami ninaogopa. Tafadhali mpe kiti, mpe maji, kisha mpe kile kikopo. Atalala kwa dada yake hapo Newala. Akidai jibu la barua, mwambie alifuate kesho, na keshokutwa pia. Nasikia makohozi hupimwa mara tatu.